Vazi langu la stimpanki: seti ya mtandaoni, mitumba ya Mwanakwerekwe na kizibao cha babu

Nianze na seti, maana ndiyo iliyoniuma. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya kaskazini mwa Unguja, na mwisho wa mwaka kundi la wageni liliomba usiku wa mavazi. Kila mtu avae stimpanki, mtindo wa nguo za kizamani na mitambo ya mvuke, na sisi wafanyakazi tumo. Nikaingia mtandaoni, nikakuta seti kamili: kizibao cha ngozi bandia, miwani, kofia ndefu na mkufu wa magurudumu ya saa. Shilingi 95,000, na 10,000 nyingine za kuivusha kwa boti kutoka Dar. Nikalipa haraka haraka kama mtu anayekimbizwa.

Kilipofika, kizibao kilichoandikwa L kiligoma kifuani kabla sijafika kifungo cha pili. Mpira wa miwani ulikatika siku hiyohiyo. Magurudumu ni plastiki iliyopakwa rangi ya shaba. Niliyavaa mchana mmoja kujaribu, jasho likaing'oa rangi yote ikahamia shingoni kwangu, mama akadhani nimepatwa na ugonjwa wa ngozi. Muuzaji nilipomwandikia akanijibu kwa mstari mmoja: mzigo ukishafunguliwa haurudi. Sasa nisipoufungua nitajuaje kama mbovu? Nyota moja, na hiyo nampa kwa ajili ya boksi. Boksi lilikuwa zuri, naweka nyuzi.

Kwa asiyeijua, stimpanki ni kujifanya kwamba dunia haikuwahi kuachana na mvuke ikaenda kwenye petroli. Nguo ni za zama za Malkia Victoria wa Uingereza, aliyetawala 1837 hadi 1901, halafu juu yake unatia mitambo ya shaba, miwani mikubwa na matumbo ya saa. Jina lenyewe alilibuni mwandishi wa Marekani, K. W. Jeter, mwaka 1987, kwa nusu mzaha. Wenzangu kazini wakasema hayo mambo ya Wazungu, tuazime tu chochote. Mimi nimekulia Malindi ya Unguja mjini, na hilo sikulikubali. Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, aliijenga Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, mwaka 1883, na ndilo jengo la kwanza Unguja kutiwa umeme na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti (tangu sehemu yake iporomoke Desemba 2020, nikipita Forodhani huwa siitazami sana). Meli yake, Glasgow, ilikuwa ya mvuke na matanga pamoja. Waingereza wakaizamisha kwa mizinga hapo bandarini tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo havikufika hata saa moja. Mwaka 1905 tukawa na treni ya mvuke kutoka mjini hadi Bububu. Je, waliopanda lifti ile na treni ile walivaa nini? Kanzu, joho, kizibao, buibui. Hapo ndipo nilipopata wazo.

Nikenda soko la Mwanakwerekwe asubuhi, wanapofungua belo. Ushauri wangu kwa mwenye kutaka kujaribu: ukenda mitumbani kutafuta gauni la Victoria utarudi mikono mitupu. Tafuta kitambaa. Nilinunua pazia la mahameli, rangi ya damu ya mzee, kwa shilingi 8,000, na hilo pazia ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko kitu kingine chochote. Mapazia mazito ya aina hiyo juu huwa na utepe wenye kamba ndani yake. Ukizivuta, kitambaa kinajikusanya marinda chenyewe. Yaani kiuno cha sketi tayari kimeshashonwa kiwandani. Na vile vipete vya chuma vya kuningʼinizia nikavitia kwenye mshipi. Koti la suti la kiume, la sufu nyembamba, 12,000. Mkoba wa ngozi halisi uliokatika mikono, 5,000. Buti za kufunga kamba mpaka juu ya kifundo, 20,000, na hizo nilibishana mpaka kijana akaniambia, "Dada, na mimi nina watoto."

Jambo moja la kujua kuhusu rangi. Nilitaka blauzi nyeupe niizeeshe kwa chai, iwe na manjano ya nguo iliyokaa sandukuni. Chai hushika pamba, lakini poliesta haiishiki hata uichemshe mpaka magharibi. Kwa hiyo chomoa uzi mmoja ndani ya pindo, uwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu. Poliesta inayeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Nilichoma nyuzi tatu mbele ya muuzaji, akaniuliza kama mimi ni mganga. Ya nne ilikuwa pamba. Kwa bahati akanipa bure juu ya koti.

Fundi wangu yuko uchochoroni Mkunazini, mzee wa cherehani ya miguu. Nimempelekea nguo tangu niko skuli. Nikamwonyesha picha kwenye simu: mwanamke wa Kizungu, koti limekatwa mbele na kuachwa mkia nyuma, kiuno kimebanwa kwa koseti. Akavua miwani, akaisogeza simu karibu na pua.

"Huyu kavaa kizibao," akasema.

"Koseti hiyo, babu."

"Kizibao, mwanangu. Kakifunga nyuma badala ya mbele, basi. Na hili koti ni joho lililoliwa na panya."

Nikacheka, lakini usiku nilipolala nikaona mzee kasema kweli. Koseti katika joto la kaskazi, mimi nimesimama mapokezi saa sita, na mama yangu akiwa hai? Kulipokucha nikamwomba mama kizibao cha marehemu babu, cheusi, chenye tarizi ya uzi wa dhahabu kifuani, kilichokaa kwenye kasha miaka yote. Mama akanipa kwa sharti moja: kisiguswe na mkasi. Hakikuguswa. Fundi viatu akachukua ule mkoba, akatengeneza mshipi mpana wa kuvaliwa juu ya kizibao, wenye matundu na kamba nyuma, kwa 10,000. Kiuno kikabanwa, heshima ikabaki, na kizibao hakikupata hata tundu la sindano.

Sasa fundi cherehani. Kazi yake nampa nyota nne, na hiyo ya tano ameipoteza mwenyewe. Koti alilikata kwa ustadi mkubwa: kwanza alipiga bandi (mishono mirefu ya muda) bitana na kitambaa pamoja ili visitelezane, ndipo akatia mkasi, na mkia ukaangukia vizuri. Lakini mahameli ina manyoya, na manyoya yana upande. Ukipapasa kwenda chini inangʼaa, ukipapasa kwenda juu inakuwa nyeusi. Mzee alilipasua pazia vipande vitatu, kimoja akakigeuza juu chini. Sketi ilipoisha ikawa na rangi mbili, kana kwamba mguu mmoja uko kivulini. Hakukubali kosa, alisema ni taa. Tukakizungusha kile kipande nyuma na kukivuta juu kwa vitanzi, ule mtindo wa zama zile wa kutunisha nyuma ya sketi, na tofauti ikafichika kwenye mikunjo. Na ile "njoo kesho" yake ilichukua siku tisa. Shilingi 35,000. Mkimpelekea mahameli, wekeni alama ya chaki upande wa juu wa kila kipande, mbele ya macho yake.

Kofia ndiyo ninayojivunia. Jirani yetu, Bibi mmoja wa Wete, husuka ukili, ule utepe wa majani ya ukindu, na kushona mikoba. Nikamwambia nataka kofia ya pama, ndefu kama ndoo. "Ya maji au ya chapati?" akaniuliza. Akaushona ukili kwa shazia, duara juu ya duara, siku mbili tu, 12,000. Nikaipaka kiwi ya kahawia na kuianika, ikawa kama ngozi kwa mbali. Kwa karibu ni ukili, na mimi nataka ionekane hivyo.

Miwani ni ya kuchomelea vyuma, vioo vya duara, 6,000 kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ikakaa juu ya pama, na mtandio chini yake haukusumbuka. Fundi saa akanipa kiganja kizima cha matumbo ya saa zilizokufa, bure, kwa kuwa nilimpelekea kahawa. Haya ni shaba kweli, ingawa yalikuwa yameota kijani kwa hewa ya bahari. Ndimu na chumvi dakika kumi, yakarudi kungʼaa. Msiyabandike kwa gundi ya kuyeyusha. Nilifanya hivyo mara ya kwanza, nikaacha mshipi dirishani, jua likailainisha na magurudumu yakateremka kama konokono. Yashoneeni, yana matundu tayari.

Usiku wenyewe? Joto. Mahameli mwezi wa Desemba ni adhabu, na koti nililivua kabla ya saa nne. Mgeni mmoja aliyevaa seti kama ile yangu (niliitambua kwa mkufu, na kwa shingo yake) alinifuata kuniuliza kizibao nimekiagizia wapi. Nikamwambia kwenye kasha la babu yangu. Akaniomba kiungo cha duka.

Nimepiga hesabu: vazi zima 108,000. Limeishinda ile seti na nauli yake kwa shilingi 3,000, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kujitengenezea ni rahisi. Na wiki tatu za kuzunguka sijazihesabu.

Buti navaa kazini. Kizibao kimerudi kwenye kasha, mama amekikagua kwa tochi. Sketi naiuza: kiuno kinavutwa kwa kamba, urefu inchi 41, rangi mbili ukiitazama vizuri. Fundi bado anasema ni taa.