Uchambuzi wa X-Men (2000): nguvu zinazomtenga mwenye nazo

Watazamaji wapendwa, karibuni. Leo ninachambua X-Men, filamu ya mwaka 2000 iliyoongozwa na Bryan Singer, yenye urefu wa dakika 104. Ninaiheshimu kuliko filamu nyingi za mashujaa zilizoifuata, kwa sababu inaelewa kwamba mtu anaweza kujaliwa uwezo wa ajabu, na uwezo huohuo ukamfukuza kwao.

Inaanzia Poland, mwaka 1944, katika kambi ya Wanazi. Mvulana wa Kiyahudi anatenganishwa na wazazi wake, askari wanamvuta nyuma naye akinyoosha mikono kuelekea lango lililofungwa, na chuma cha lango hilo kinaanza kupinda. Mvulana huyo ndiye Magneto, anayeigizwa utu uzimani na Ian McKellen. Kwa hiyo Seneta Kelly anapotaka Marekani ipitishe sheria ya kuwaandikisha mutanti wote, yaani watu waliozaliwa na uwezo huo, hatuhitaji kuelezwa kwa nini Magneto anajiandaa kwa vita. Amekwisha kuona orodha za namna hiyo zinakoishia. Profesa Xavier, rafiki yake wa zamani, anayeigizwa na Patrick Stewart, bado anawaamini wanadamu, na filamu haimfanyi yeyote kati yao kuwa mjinga.

Moyo wa hadithi, hata hivyo, ni msichana aitwaye Rogue. Anambusu mvulana nyumbani kwao Mississippi, na mvulana anapoteza fahamu, kwa kuwa ngozi ya Rogue hunyonya uhai wa kila anayeigusa. Anatorokea Kanada, akiwa amevaa glavu, na huko anakutana na Wolverine, mutanti mwenzake. Wakiwa garini, anamuuliza kama huumia makucha yake ya chuma yanapochomoza mikononi, naye anajibu kwamba huumia kila mara. Hugh Jackman hakuwa na jina kubwa katika sinema wakati huo, lakini anavyolitamka jibu hilo kwa sauti ya chini, bila kuomba huruma, unaamini kwamba amekuwa akiyabeba maumivu hayo miaka mingi.

Mapigano ya mwisho, yanayofanyika ndani ya Sanamu ya Uhuru, ndiyo sehemu dhaifu. Mtambo wa Magneto wa kuwageuza viongozi wa dunia kuwa mutanti unaelezwa kwa haraka mno, nao wafuasi wake Toad na Sabretooth ni misuli na kelele tu.

Dosari inayoniuma zaidi ni Storm, mutanti wa kundi la Xavier, X-Men, anayetawala hali ya hewa. Katika vitabu vya katuni, alikoingia mwaka 1975, mama yake ni Mkenya, na Profesa Xavier anamkuta Kenya akiwaletea watu mvua nao wakimheshimu kama mungu. Filamu haisemi lolote kuhusu asili hiyo. Halle Berry amepewa maneno machache, pamoja na lafudhi inayojaribu kuwa ya Kiafrika katika baadhi ya matukio na kutoweka katika mengine. Mtazamaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kulalamika, maana huyu ndiye mhusika pekee katika kundi lile mwenye damu ya kwetu.

Hata hivyo, Storm ndiye aliyepewa tukio ninalolipenda kuliko yote. Seneta Kelly, ambaye mwili wake umebadilishwa na mtambo wa Magneto, amelala kitandani akikaribia kufa, na anamuuliza kama anawachukia watu wa kawaida. Storm anakiri kwamba wakati mwingine huwachukia, na anapoulizwa sababu, anasema huenda ni kwa kuwa anawaogopa. Kelly anamjibu kwamba sasa amepungukiwa na mtu mmoja wa kumwogopa, kisha mwili wake unayeyuka na kuwa maji. Hakuna ngumi wala radi, na bado filamu nzima imo katika mazungumzo hayo mafupi.

Kwa wazazi: kifo hicho, pamoja na tukio ambapo Wolverine anamchoma Rogue kifuani bila kukusudia, vinaweza kuwatisha watoto wadogo, kwa hiyo ningewaonyesha vijana waliokwisha kuingia sekondari. Mkiipenda, endeleeni na X2 ya mwaka 2003, ambamo Storm anapata nafasi ya kuzungumza na mutanti mwenzake, Nightcrawler, kuhusu imani, hasira na huruma kwa wale wanaowaogopa.