Uzoefu wangu na singo isiyo na jina: hausi, dabu na jangoli ndani ya dakika saba

Wiki ya tatu hii narudia wimbo mmoja, na bado sijaushiba. Jina hauna. Kwenye lebo kuna namba tu iliyogongwa muhuri, na aliyeutengeneza hajajitaja popote. Wapenzi wa muziki wa andagraundi wanaijua desturi hiyo tangu enzi za santuri za lebo nyeupe, ambapo ma-DJ walipewa nakala chache kabla wimbo haujatoka rasmi, wakaupiga ukumbini, na watu wakaucheza bila kujua ni wa nani. Napenda hivyo. Masikio yanaamua yenyewe.

Nikiri kwamba nyimbo za kuchanganya mitindo zilikuwa zimenichosha. Nyingi zinaunganishwa kwa gundi: dakika mbili za hausi, kimya kidogo, mlio unaopanda juu, kisha mtindo mwingine unaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Huu haujaunganishwa hivyo, na ndiyo maana nimeamua kuuandikia.

Unaanza kihausi kabisa, mapigo 128 kwa dakika, ngoma nzito kwenye kila pigo, ule mwendo uliotoka Chicago miaka ya 1980. Matoazi yanafunguka katikati ya mapigo, besi fupi, hakuna cha ajabu. Ila kwenye sekunde ya 50 hivi inaingia kengele ndogo, kavu, kwa mbali upande wa kushoto. Mara ya kwanza nilidhani msanii amekosea. Kengele haikai na ngoma. Inateleza, inaitangulia, inachelewa, halafu ghafla zinakutana. Nikavaa hedifoni nikaanza kuhesabu kwa vidole. Kumbe katika muda ambao ngoma inapiga mara tatu, kengele inapiga mara nne, kwa usawa kabisa. Kwa kuwa hausi inakwenda kwa mizunguko ya mapigo manne, kengele inarudi kukutana na mwanzo wa mzunguko kila baada ya mizunguko mitatu. Ndiyo sababu inaonekana kuelea.

Sasa chukua 128, zidisha kwa nne, gawanya kwa tatu. Unapata 170 na ushee. Huo ndio mwendo wa jangoli, muziki wa ngoma zilizokatwakatwa uliowaka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa maneno mengine, tangu dakika ya kwanza kasi ya jangoli ilikuwa imeshafika, imekaa pembeni ndani ya kengele, nasi tunacheza hausi bila habari.

Kwenye dakika 3:40 ngoma nzito inaondolewa. Besi nayo inaondoka. Inabaki kengele peke yake, na sikio, kwa kukosa kingine cha kushika, linaanza kuihesabu kengele kama ndiyo pigo lenyewe. Mizunguko michache tu, kisha ngoma za jangoli zinamwagika juu yake, na hakuna kilichoongezwa kasi. Nimesimama mara kadhaa hapo nikarudisha nyuma ili nisikie kwa makini. Hata nikijua kinachokuja, mwili bado unashtuka.

Chini ya ngoma hizo kuna besi ya dabu, ile rege iliyovuliwa nguo ikabaki besi, ngoma na mwangwi, inayotembea kwa nusu, mapigo 85, pana na nzito, ikiwa na mwangwi unaofifia polepole. Kila nikisikia mwangwi wa namna hiyo namkumbuka King Tubby, fundi wa vifaa vya umeme wa Kingston, Jamaika, ambaye miaka ya 1970 aliigeuza mashine ya kuchanganyia sauti kuwa ala ya muziki. Hapa msanii amemsoma vizuri: anaacha nafasi. Kuna sehemu sauti zote zinakatika na mwangwi ndio unaoendelea kucheza.

Ngoma zenyewe zinasikika kama zimepigwa upya na mtu, hazikuchotwa kwenye "Amen, Brother", ile rekodi ya bendi ya The Winstons ya mwaka 1969 ambayo jangoli nzima iliinyonya kwa kukata na kurudia kipande chake cha ngoma. Jambo hilo limenigusa. Gregory Coleman aliyepiga ngoma zile, sekunde chache tu, hakuwahi kulipwa mirabaha, na aliaga dunia mwaka 2006. Sisi tuliocheza miaka yote kwa mikono yake tunapaswa angalau kumtaja.

Kuna mahali sikuridhika. Dakika ya tano unaingia mlio wa asidi, ule wa kukwaruza wa mashine ya Roland TB-303. Mashine hiyo ilitoka mwaka 1981 ili wapiga gitaa wapate besi ya kufanyia mazoezi, haikuuzika, na vijana wa Chicago ndio walioipa maisha kwa kuzungusha vifundo vyake hadi ikalia. Naipenda sana, lakini hapa imepachikwa. Haihusiani na kengele wala na besi, na inaiziba sauti ya mwimbaji ambayo tayari iko chini. Mitindo mitatu ilitosha.

Faili ya kwanza niliyopakua ilikatika dakika ya nne, yaani palepale ngoma zilipokuwa zimekolea. Niliwaandikia wauzaji na siku iliyofuata nikapata nyingine nzima. Kwa hiyo hakikisha faili yako ina dakika 7:12 kabla hujafuta ujumbe wa risiti. Chukua WAV, faili kubwa isiyobanwa sauti, kama nafasi ipo. Na usiusikilize kwa spika ya simu: besi ya dabu haitoki kabisa, na sehemu ya pili inageuka kelele za matoazi. Kwenye sabufa, spika ya besi, niliisikia kifuani kabla ya masikioni.

Toleo fupi la dakika tatu linalouzwa pamoja nao liache. Wameikata kengele ya mwanzo ili wafike haraka kwenye jangoli, na bila kengele ile mabadiliko yanakuwa yaleyale ya gundi niliyoyalalamikia.

Kwa ma-DJ, zawadi iko mwishoni. Kwenye dakika 6:20 ngoma nzito ya hausi inarudi taratibu huku jangoli ikiendelea, na kwa karibu nusu dakika miendo yote miwili inakwenda pamoja, wazi, bila kugombana. Nimejaribu kutokea pande zote mbili: mara moja nikaingiza wimbo wa 128, mara nyingine wa 170. Kote mlango ulikuwa wazi, na kengele bado inalia upande wa kushoto.