Kifaru cha Cromwell cha plastiki: injini iko wapi?

Mimi ni fundi wa injini za boti pale Kibirizi, kwa hiyo mniwie radhi nikianzia nyuma ya kifaru badala ya kwenye mzinga. Boksi la modeli hii ya kuunganisha, ya kifaru cha Waingereza cha Vita Kuu ya Pili, lilifika Kigoma kwa basi, kona moja imebonyea, vipande vyote salama. Kipimo ni 1 kwa 35. Kikikamilika kina urefu wa sentimita 18 hivi.

Nikainua kifuniko cha nyuma: patupu! Cromwell bila injini yake ni nini sasa? Waingereza walikuwa na Centaur, karibu kifaru kilekile, lakini kikisukumwa na injini ya zamani ya Liberty, nguvu za farasi 395 tu. Cromwell wakakipa Meteor, yaani ile Merlin ya ndege za Spitfire iliyoondolewa supachaja (pampu ya kusukumia hewa zaidi kwenye injini): silinda 12, lita 27, farasi 600. Ndiyo maana tani 28 ziliweza kukimbia kilomita 64 kwa saa, mpaka baadaye wakaibana kasi ili minyororo na springi zisichakae mapema.

Mizinga imo miwili, unachagua: wa milimita 75 au ule mfupi wa 95. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, weka huo mnene." Nikamsikiliza.

Minyororo ilinitoa jasho, ukiikunja inakatika. Gundi hawaweki. Kwa shilingi 90,000 nawapa nyota tatu. Injini naichonga mwenyewe, kipande cha mninga ninacho.