TP-Link TL-SG108: swichi ya poti nane kwa afisi ndogo ya Mji Mkongwe

Kama afisi yenu ina kompyuta tatu au nne, printa moja ya kushirikiana na ruta moja, nunueni swichi hii, kiboksi cha kuunganishia mashine kwa waya, au nyengine ya aina yake, na pesa itakayobaki itieni kwenye waya. Ndivyo ninavyowajibu wanaoniuliza, na wanaoniuliza si haba, maana huku Malindi ya Unguja afisi za kupitisha mizigo zimepakana mlango kwa mlango, na kila moja ina mtu anayelalamika kuwa mtandao mzito.

Kazi yetu sisi mawakala wa forodha ni makaratasi. Ankara, hati za meli, vibali, vyote vinapigwa skani vikawekwa kwenye kompyuta moja, na wengine wanavifungua kutoka hapo. Nyumba tuliyomo ni ya zamani, mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene mtu anakaa dirishani kama yuko barazani. Ruta iko chini, sisi tuko darini. Waifai ikipita ukuta wa kwanza inachoka, wa pili haiuoni. Wapo wanaoshauri kuongeza vikuza mawimbi, lakini navyo vinabanana na kuta zilezile, na vingi vinapunguza kasi kwa sababu vinapokea na kurusha kwa hewa hiyohiyo. Kwa nyumba za Mji Mkongwe jawabu ni waya. Ukishakuwa na mashine nyingi kuliko matundu ya ruta, hapo ndipo inapoingia swichi.

TL-SG108 ni kiboksi cha chuma kikubwa kidogo kuliko kiganja, poti nane, yaani matundu ya kuchomekea waya, kila poti kasi ya gigabiti moja kwa sekunde, ndiyo megabiti 1000. Haina feni, kwa hiyo haina kelele, na haivuti vumbi kama mashine zenye feni. Haina mipangilio yoyote: unachomeka umeme, unachomeka waya, inafanya kazi. Kuna ndugu yake mwenye herufi E mwishoni, TL-SG108E, ambaye ana mipangilio ya kugawa mtandao mafungu mafungu. Kwa watu wanne na printa hamumhitaji. Mwenye nyumba ya wageni anayetaka wageni wasiingie kwenye kompyuta za mapokezi, huyo amfikirie.

Wengi hudhani swichi ni kama kigawa umeme tu, kinachopasua waya mmoja ukawa minane. Sivyo. Kila mashine ina anwani yake iliyowekwa kiwandani, ile ya MAC, na swichi inasoma anwani ya mtumaji na kukumbuka yuko poti gani. Nikituma karatasi kwa printa, inakwenda poti ya printa, haisambazwi kwa kila mtu. Vile vidude vya zamani vilivyoitwa habu vilikuwa vinapiga kelele kote, mashine zikisubiriana. Kwenye swichi mimi ninachapa huku mwenzangu anafungua faili zake, hatupishani. Ila kugawa anwani za IP, namba ambazo mashine hupewa zikiingia kwenye mtandao, na kutoka nje kwenye intaneti bado ni kazi ya ruta. Na kasi ya intaneti haiongezeki: kifurushi chenu kikiwa cha megabiti 20 kwa sekunde, kitabaki 20. Kinachopona ni mwendo wa ndani ya afisi.

Na mwendo huo ni mkubwa. Swichi za megabiti 100 bado zinauzwa, na bei yake inavutia. Msizichukue. Folda ya gigabaiti 2 kwenye megabiti 100 inakula karibu dakika tatu. Kwenye gigabiti, ikiwa diski nazo ni nzima, ni kama sekunde ishirini. Kiwango cha gigabiti kwa waya wa shaba kipo tangu 1999, hakuna sababu ya kununua chini yake leo. TL-SG108 yenyewe haifiki bei ya katriji moja halisi ya printa yetu ya leza.

Sasa waya, na hapa nawaomba mtulie. Baada ya kufungiwa, kompyuta mbili ziliruka na ya tatu ikawa inajikokota. Aliyekaa hapo alianza kuilaumu swichi. Nikafungua mipangilio ya mtandao kwenye Windows, sehemu ya Ethernet, nikatazama mstari wa kasi: wenzake 1000/1000, yeye 100/100. Nikamwita fundi.

“Dada, hii plagi ya zamani, ilikuwepo,” akaniambia, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya ile plastiki angavu nyaya nane zimepangwa: chungwa nyeupe, chungwa, kijani nyeupe, buluu, buluu nyeupe, kijani, kahawia nyeupe, kahawia. Ile ya tano, buluu nyeupe, ilikuwa haikufika mwisho, imeishia kabla ya meno ya shaba. Megabiti 100 hutumia nyaya nne tu, ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya sita, ndiyo maana mtandao ulikuwepo. Gigabiti inataka zote nane. Akakata, akapanga upya, akabana kwa koleo. Mstari ukasoma 1000/1000.

Kwa hiyo kabla hamjamlipa fundi, tazameni mstari huo kwenye kila kompyuta. Na kwenye duka la waya, ombeni waya wa mtandao wa daraja la Cat5e au Cat6, wa shaba tupu. Nyingi zinazouzwa rahisi ni alumini iliyopakwa shaba: kwaruza kwa kisu, ndani nyeupe. Hukatika upesi ukiikunja, na kwa masafa marefu inapoteza nguvu. Waya wa shaba utavutwa mpaka mita 100 bila wasiwasi, na hakuna nyumba Mji Mkongwe itakayokushinda kwa urefu huo.

Mkataze pia kila mtu kuchomeka waya unaoning'inia bila kujua unatoka wapi. Ncha mbili za waya mmoja zikiingia kwenye swichi moja, ujumbe unazunguka bila kikomo na afisi nzima inasimama. Swichi za namna hii zisizo na mipangilio, nyingi hazijikingi na hilo. Mkiona taa zote zinapepesa pamoja kwa fujo, tafuteni waya huo kwanza.

Umeme inakula wati chache, tumeiunga pamoja na ruta kwenye UPS ndogo, ile betri ya akiba. Umeme ukikatika, wenye kompyuta za mkononi tunaendelea kuchapa hati mpaka betri iseme. Haina kitufe cha kuzimia, unachomoa adapta.

Kitu kimoja kikubwa haifanyi: haipitishi umeme kwenye waya wa mtandao. Mwenye kamera za ulinzi au simu za mezani za IP atafute swichi ya PoE, kama TL-SG1005P, yenye poti tano, nne kati yake zikitoa umeme. Ajumlishe wati za kamera zake zote kabla ya kununua, maana jumla ya wati za swichi nzima ina kikomo, na kamera za usiku zenye taa hula zaidi jua likizama.