Beetle au Peugeot 404: uanze na ipi?

Kwa anayetafuta gari la kizamani la Ulaya hapa Afrika Mashariki, hizi mbili hazikosi kutajwa. Safari Rally ilizipa jina. Volkswagen ilishinda 1962, mwaka uliofuata zamu ikawa ya 404, kisha 404 hiyo hiyo ikashinda mfululizo 1966, 1967 na 1968.

1. Volkswagen Beetle

Naiweka juu, ingawa kwa uendeshaji 404 inaiacha mbali. Sababu ni spea. Beetle ziliundwa zaidi ya milioni 21, na Mexico waliendelea kuziunda hadi 2003, kwa hiyo karibu kila kitu unaweza kuagiza kikiwa kipya. Injini inapozwa kwa upepo, haina rejeta, na imeshikwa kwenye giaboksi kwa bolti nne tu.

Injini basi isikutishe, ogopa kutu. Inua kiti cha nyuma. Betri imekaa upande wa kulia, na asidi yake hula sakafu. Itoe, uchokonoe bati la chini kwa bisibisi. Likitoboka, jua kuna kazi ya kuchomelea. Ukiwa hapo hapo, soma namba ya chesisi iliyopigwa katikati, uilinganishe na kadi ya gari. Halafu zunguka nyuma, injini ikiwa imezimwa, ushike puli kubwa ya chini uivute na kuisukuma. Ikigonga kwenda na kurudi, hiyo injini ni ya kufunguliwa yote, na muuzaji ashushe bei.

Za zamani zina umeme wa volti 6, taa zake za usiku ni za kubahatisha. Tafuta ya volti 12.

2. Peugeot 404

Ilitoka 1960, umbo limechorwa na Pininfarina, kampuni ya Italia ya kubuni magari, na mpaka leo inapendeza kuliko magari mengi ya rika lake. Imetulia barabarani, na ile ya Familiale ina safu tatu za viti. Injini ya 1618 cc imelazwa upande, na slivu zake (mirija ambamo pistoni hucheza) hutolewa zikawekwa nyingine bila kuchonga bloku.

Tabu iko kwenye difu, yaani gia zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Ndani mna gia ya shaba nyeusi, na oili ya difu ya kawaida inaweza kuila. Muulize mwenye gari anaweka oili gani. Akisitasita, endesha mwenyewe usikilize. Difu inayolia usiichukulie kirahisi, kwa sababu kuipata nyingine nzima ni kusaka. Nikeli za bampa na vioo navyo ni vya kutafuta.

Pikapu achana nazo, nyingi zimebebeshwa mizigo hadi zikachoka. Lakini kama una familia kubwa na fundi mzee aliyezifungua 404 enzi zake, bado yuko kazini, geuza orodha hii juu chini.