Betri imelala: kusukuma au kubusti?

Huu ubishi hauishi, betri ikilala tu wapo wa "sukumeni" na wapo wa "tafuta waya", yaani kubusti kwa umeme wa betri ya gari nyingine.

Kwa gharama kusukuma kunashinda, vijana watatu na barabara iliyonyooka basi, swichi on, gia ya 2, mwendo ukikolea unaachia klachi. Ila otomatiki sahau, na gari ya EFI (mafuta yanapulizwa kwa kompyuta) ambayo hata dashibodi haiwaki mtasukuma hadi mchoke, maana pampu ya mafuta na kompyuta vinataka umeme. Halafu injini ikiwa imezima breki na stelingi vinakuwa vizito, mteremkoni angalia sana.

Kubusti hakuchagui manyuali wala otomatiki, mradi betri zote mbili ziwe volti 12, shida ni zile waya nyembamba za bei chee zinapata moto tu gari haiwaki. Waya nyekundu anza chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya nzima, nyeusi hasi ya nzima, mwisho bana chuma cha injini ya iliyokufa mbali na betri, sababu betri inatoa haidrojeni na cheche moja inatosha kuilipua. Betri iliyopasuka usiibusti kabisa.

Una manyuali na watu wapo, sukuma. Otomatiki, au unatembea usiku peke yako, weka waya nene kwenye buti.