Blenda au mashine ya kukamua? Ninavyozipanga kwa jiko la Uganda

Saa kumi na moja na nusu jioni, Ramadhani, nyumbani Bombo. Mananasi manne ya Luweero yameshamenywa, karoti zimekatwa, na ile mashine ya kukamua niliyoileta kutoka Kampala kwa mbwembwe ikaanza kunuka mpira unaoungua. Ikaguna mara mbili, ikanyamaza. Mama mkwe akanitazama, akasema tu, "Mwanangu, toa ile blenda ya zamani." Tulifuturu kwa juisi ya blenda iliyopitishwa kwenye chujio, na jagi likaisha kabla sambusa hazijaisha.

Basi nikiulizwa siku hizi mtu anunue nini, napanga hivi.

1. Blenda ya kawaida yenye jagi la kioo

Hii ndiyo ya kuanzia, na kwa nyumba nyingi ndiyo ya kuishia. Inasaga tunda zima, kwa hiyo nyuzinyuzi zinabaki kwenye glasi badala ya kwenda jaani. Hilo si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linahesabu sukari ya juisi ya matunda pamoja na sukari zile linazotushauri tupunguze, lakini ya tunda zima haliihesabu humo. Ukikamua machungwa matano ukanywa maji yake, umemeza sukari ya machungwa matano kwa dakika moja. Hebu jaribu kuyala yote matano kwa mkupuo! Aliye na kisukari nyumbani aelewe hapo kabla ya kutoa pesa.

Wati 400 hadi 600 zinatosha bogoya (ndizi mbivu), embe, papai, ovakado na majani machache ya dodo (mchicha). Tangulia na maji au maziwa, kisha majani, vigumu viwe vya mwisho. Ukianza na karoti kavu, visu vitazunguka hewani huku mota ikilia. Zungusha dakika moja, ipumzishe, endelea. Pasheni usiisage kabisa: bonyeza na kuachia mara tatu au nne, nyama iachane na mbegu, kisha chuja. Mbegu zikisagika, juisi inakuwa na vumbi jeusi na ladha kama ya ganda.

Sasa suala la wati, maana hapo ndipo tunapopigwa. Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, kijana mmoja alininyanyulia boksi: "Hajati, chukua hii, wati 4,500, inasaga hata mawe." Nikamwambia ageuze plagi. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi isiyozidi ampea 13, na umeme wetu ni volti 240. Zidisha: 13 mara 240 ni 3,120. Kifaa kinachokula wati 4,500 kweli kingezidi uwezo wa fyuzi hiyo. Akacheka, akashusha boksi, akapunguza bei bila kuombwa. Achana na maandishi makubwa ya boksi. Tafuta kibandiko kidogo kilicho chini ya mashine, huko ndiko wanakoandika kwa aibu kidogo.

Dukani fanya haya kabla ya kulipa. Toa jagi, tazama kile kimpira chenye meno kinachokaa juu ya mota. Ndicho kinachokufa kwanza. Uliza kama kinauzwa peke yake, na mwuzaji akuoneshe kwa macho, si kwa mdomo. Uliza pia bei ya jagi tupu, kwa sababu kioo kitakuja kuvunjika tu, kama si leo ni siku ya wageni. La plastiki halivunjiki ovyo, ila likishakunywa manjano na tangawizi halisahau tena. Maziwa ya mtoto yatanukia tangawizi mwezi mzima. Mwisho tia maji, waiwashe hapo hapo, uone kama yanavuja chini ya visu. Chukua risiti yenye mhuri na tarehe.

Wanaoogopa Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, wasiogope. Blenda ya wati 500 ikizunguka dakika tatu inakula uniti 0.025, yaani uniti moja inasaga mara 40. Pasi ndiyo mwizi wa nyumba.

2. Kikamulio cha mkono na chujio zuri

Watu wanakidharau kwa sababu ni rahisi. Mimi nakiweka cha pili bila kusita. Umeme ukikatika dakika kumi kabla ya adhana, machungwa na ndimu vitakamuliwa vilevile. Chagua cha chuma kisichopinda ukikibana. Chujio liwe la waya laini na mpini imara; yale ya plastiki yananing'inia yakishajaa machicha. Viwili hivi pamoja na blenda vinakupa karibu kila kinachoweza kutoka kwenye mashine ghali.

3. Mashine ya kukamua taratibu

Hii haisagi kwa visu. Ina parafujo nene inayozunguka mara 40 hadi 100 hivi kwa dakika, inaponda na kubana mpaka machicha yanatoka makavu kama pumba. Kwa bitiruti, karoti, tangawizi na majani ya kijani hakuna ya kuishinda, na povu ni kidogo. Basi kwa nini ni ya tatu? Bei yake inaweza kununua blenda kadhaa, nyingi hutaka kila kitu kikatwe vipande vidogo, na kuiosha ni kazi ya mtu mzima: chujio lake lina vitundu vinavyotaka brashi mara tu unapomaliza, la sivyo nyuzi za nanasi zinakaukia humo. Ukiwa unauza juisi ya mboga, au nyumba yenu hunywa kila siku, nunua. Ukiwa na hamu ya wiki mbili za Januari, azima ya jirani. Na muwa usithubutu kuutia.

4. Mashine ya kukamua kwa kasi

Ndiyo iliyonifia. Inakwaruza tunda na kulizungusha maelfu ya mara kwa dakika, juisi inarushwa nje ya chujio. Ni ya haraka, tena tofaa linaingia karibu zima. Ila glasi nusu ni povu, machicha yanatoka yamelowa (pesa yako hiyo), na majani yanapita humo bila kuacha kitu. Nikiwa mkweli, yangu niliiua mwenyewe kwa kuishindilia kazi bila kuipumzisha. Lakini blenda ya mama mkwe imeteswa zaidi ya hapo na bado inazunguka.

5. Viblenda vya kuchaji

Vinafaa bogoya laini na maziwa ofisini, si zaidi. Barafu au karoti mbichi vinavishinda, na betri ikichoka kifaa chote ni taka.

Za mtumba sizikatai, mradi usome kibandiko: iliyotoka Marekani mara nyingi imeandikwa volti 120, na ukiichomeka kwenye ukuta wetu bila transfoma itakuaga siku hiyo hiyo.

Chochote utakachonunua, juisi mbichi haikupitia moto. Osha matunda kabla ya kumenya, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa ganda mpaka ndani. Maji ya kuongeza yawe yamechemshwa, barafu nayo itokane na maji hayo hayo. Inywe siku ile ile. Maganda ya nanasi usitupe: yaliyooshwa vizuri huchemshwa na tangawizi na majani ya chai, ikawa munaanansi, kinywaji cha kesho.

Ile mashine iliyoungua bado iko juu ya kabati. Fundi anataka kuifunga mota upya kwa bei inayokaribia ya blenda mpya. Mama mkwe hakusubiri uamuzi wangu. Amechomoa ndoo yake ya machicha, anawanyweshea kuku maji.